Naomba ushauri: madalali wa mahakama na deni la kodi ya kaunsili Uingereza

Habari zenu ndugu. Dada yangu yuko Uingereza, anadaiwa kodi ya kaunsili (kodi ya makazi inayolipwa kwa serikali ya mtaa) tangu apunguziwe saa za kazi. Mahakama imeshatoa amri, na sasa kapata barua ya madalali: siku 7 alipe, la sivyo wanakuja. Najua kwa deni hili hawaruhusiwi kuvunja mlango mara ya kwanza, ila ukiwafungulia wakaorodhesha vitu vya kukamata na mkasaini makubaliano, wakirudi wanaweza kuingia kwa nguvu. Nimemsihi asifungue. Hofu kubwa ni gari wasije wakalichukua, maana linalala nje na ndilo la kumpeleka kazini usiku. Mliopitia haya, aombe ule mpango wa serikali wa kuwazuia wadai wasimfuate kwa siku 60, au apatane na madalali kwanza alipe kidogo kidogo? Tafadhali, muda ni mfupi.