Naombeni ushauri: filamu yangu ya chuo imekwama Kibosho, sauti mbovu na mwigizaji kanyoa rasta

BintiMfongoni
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Mimi ni mwanafunzi, niko Moshi. Nina filamu fupi ya dakika 12, natakiwa kuikabidhi chuoni baada ya wiki mbili. Inamhusu bibi wa Kibosho anayevutana na mjukuu wake anayetaka kihamba, yaani shamba la ukoo, kiuzwe. Tunashuti kwa simu, tuko wanne, mfukoni imebaki 40,000.

Kwanza, sauti. Tulikuwa jikoni kwa Bibi (ni bibi yangu kweli, hajawahi kuigiza popote, lakini moto!) mvua ikaanza kupiga bati. Sikusimamisha, nikajidanganya kwamba itapendeza. Jana nimesikiliza kwa hedifoni, Bibi anaongea kama yuko ndani ya debe. Sini za nje nazo zina mashine ya kusaga ya jirani, inanguruma mwanzo hadi mwisho.

Pili, mjukuu. Kijana ameitwa fildi Dodoma, na kabla hajaondoka kanyoa rasta zote. Zimebaki sini zake tatu, pamoja na ile ya mwisho ya kuagana kwenye mfongo, ule mtaro wa maji ya kumwagilia.

Tatu, sini za usiku ndani zina mistari inayopanda na kushuka ukutani.

Nafikiria kuandika hadithi mpya kabisa. Msinitukane.

ChaiYaRangi
Kanyoa bila kuaga? Muue huyo mjukuu, filamu iishe na msiba. Ndizi zipo, mbege ipo, waombolezaji watakuja wenyewe.

SikioLaMbuzi
Pole mdogo wangu. Hadithi mpya ndani ya wiki mbili ni kujitafutia balaa jingine, acha.

Mistari ndiyo rahisi. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi za ndani zinapepesa mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni. Simu yako bila shaka ilikuwa kwenye fremu 30 kwa sekunde. Pakua programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe, weka fremu 25 na shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, mistari itatulia. Zile ulizokwisha kushuti, kama Bibi amekaa tu, pandisha nakala ya klipu juu ya klipu yenyewe, isogeze fremu moja, ipunguze iwe nusu uwazi. Mistari itapungua, haitaisha. Kama kuna anayetembea usijaribu, atatoka kivuli.

Sauti sasa. Usihangaike kusafisha mvua ya bati, utaisafisha pamoja na Bibi. Rudi kwake na simu ya pili, ishikwe karibu na kifua chake, nje ya picha. Chumba kiwe na godoro na mablanketi, sio jikoni kwenye kuta tupu. Mpe hedifoni asikilize sentensi yake moja, halafu airudie papo hapo. Moja moja. Usimpe karatasi, wazee wakisoma wanasikika kama matangazo ya kanisani. Mwishoni wote nyamazeni sekunde 30 urekodi ukimya wa chumba, huo ndio utaziba nyufa kati ya sentensi.

BintiMfongoni
Asante sana kaka. Ila midomo je? Haitalingana.

SikioLaMbuzi
Shuti mikono yake ikimenya ndizi. Mtu akimenya ndizi, nani anamwangalia mdomo?

MamaWaSakina
Mwanangu, ChaiYaRangi anatania lakini yuko karibu na jibu. Mjukuu asife, awe tu hayupo. Sini mbili kati ya hizo tatu zigeuze ziwe simu: Bibi peke yake jikoni, kijana anaongea toka mbali kuhusu kuuza shamba. Mwambie ajirekodi hukohuko Dodoma akutumie. Sauti ya simu hata ikikwaruza hakuna wa kukulaumu. Na mimi naona ni kali zaidi, maana anayetaka kihamba kiuzwe hata kukikanyaga hakikanyagi.

Ya kuagana tafuta kijana wa umbo lile, mvalishe mzula na koti, mshuti kwa nyuma toka mbali. Kibosho asubuhi na baridi ile, mzula nani atauliza?

Kipusa_wa_Kiboriloni
Dada, jambo moja watu wa mjini husahau. Mfongo una zamu. Ukienda siku ambayo maji yako kwa wengine utakuta mtaro mkavu, filamu yako ya maji haina maji. Muulize mzee anayegawa zamu, na mpitie mtendaji wa kijiji msije mkaonekana wapima viwanja. Hasa na hadithi yenyewe hiyo ya kuuza kihamba!

BintiMfongoni
Jamani nacheka na kulia. Nimempigia Bibi. Zamu yetu ni Jumanne, ila Jumanne mashine inasaga kutwa, inapumzika Jumapili tu. Ni ya umeme. Sijawahi kuombea umeme ukatike, leo naombea.

SikioLaMbuzi
Usiombee, wengine tuna mafriji. Jumanne shuti picha, Jumapili rekodi maneno. Mlio wa maji rekodi hiyo Jumanne alfajiri kabla mashine haijawashwa, simu ikae chini karibu na maji, mbali na migomba. Majani yake yanapiga makofi kwenye upepo.

BintiMfongoni
Sawa kaka. Bibi anauliza Jumapili tunakuja wangapi, na kama huyo wa mzula anakula kiburu.