Tupeane uzoefu: lini uligutuka kwamba Kristo hana mwanzo?

Msomaji wa Yohana: Wapendwa, kijana mmoja kaniuliza: kama Yesu ni Mwana, Baba alikaa muda gani bila Mwana? Swali hilo liliwahi kuninyima usingizi. Nyie liliwakuta wapi?

Baba K: Mlangoni. Wageni wanaofundisha kwamba Yesu aliumbwa walinifungulia Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote." Nikawaomba tusogee hadi mstari wa 17: "Naye amekuwako kabla ya vitu vyote." Wakaaga.

Mdadisi: Uungu wa Kristo si ulipitishwa na mkutano wa maaskofu huko Nikea mwaka 325? Kabla ya hapo alikuwa nabii tu.

Baba K: Hapana, ndugu. Plinio, gavana wa Kirumi na wala si Mkristo, alimwandikia Kaisari Trajano yapata mwaka 112 kwamba Wakristo hukusanyika alfajiri kumwimbia Kristo kama mungu. Nikea ilikuwa bado zaidi ya miaka 200!

Mdadisi: Na Ario? Alikuwa kasisi, na alifundisha kwamba Mwana aliumbwa.

Mama Tunu: Niwieni radhi niwakatize. Nilimzika mwanangu. Usiku ule jamaa mmoja akaniambia Yesu ni kiumbe bora kuliko wote, Mungu alimtuma, basi. Nilihisi kuzikwa mimi. Maana kama aliyetundikwa msalabani ni kiumbe tu, basi Mungu mwenyewe alikaa mbali akatuma mwingine akaumie. Nikafungua Yohana huku nalia: "Vyote vilifanyika kwa huyo." Mwanangu alifanyika kwa huyo! Aliyemuumba ndiye aliyeonja kaburi. Nilishika hapo, na hadi leo sijaachia.

Nuru: Amina, mama. Mimi pia ni msiba ulionifikisha hapo.

Mdadisi: Pole sana, mama. Ila neno la Yesu, "Baba ni mkuu kuliko mimi," bado linanitatiza.

Msomaji wa Yohana: Soma Wafilipi 2:6-7. Alijishusha kwa hiari.

Mzee wa Zaburi: Mama Tunu kamjibu Ario kuliko sisi sote. Athanasio, askofu aliyempinga Ario, naye alishikilia hilohilo: kiumbe hakiwezi kumwokoa kiumbe. Vijana, karirini Yohana 1, wageni wakija mjibu.

Nuru: Mimi nasema msibishane nao, waombeeni.

Baba K: Tubishane kwa upole! Yohana 8 Bwana alisema, "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko," wakaokota mawe. Hakuyafuta maneno yake.

Nuru: Mama Tunu, mtoto aliitwa nani? Tumtaje kwenye maombi.