Mbona ni Kiingereza kinachoingia kwenye Kijerumani chao, si Kiswahili?

Mwalimu_wa_Kijerumani
Wadau, naombeni mawazo. Wanafunzi wangu wamekua na Kiswahili, shuleni wakasoma Kiingereza, sasa wako kwenye Kijerumani. Kijerumani kinataka kitenzi kikae nafasi ya pili: *Heute kommt der Lehrer*. Wao huandika *Heute der Lehrer kommt*, mpangilio wa Kiingereza mtupu! Linaloninyima raha ni kwamba Kiswahili chao kinaruhusu "Leo anakuja mwalimu". Tena katika "kitabu alichosoma mwalimu" kitenzi lazima kitangulie. Kwa nini lugha ya kwanza haiwaokoi?

Mpenda_Isimu
Mwalimu, swali zuri sana. Mwaka 2007 wanaisimu Camilla Bardel na Ylva Falk walichapisha utafiti kuhusu watu walioanza kujifunza Kiswidi au Kiholanzi kama lugha ya tatu. Waliangalia neno la kukanusha linawekwa wapi. Waliotangulia kujifunza lugha ya pili yenye kitenzi nafasi ya pili waliwashinda wale ambao lugha yao ya pili ilikuwa Kiingereza, ingawa hao ndio waliokua na lugha ya kwanza yenye kitenzi nafasi ya pili. Hoja yao ni kwamba lugha ya pili huizidi nguvu ya kwanza. Mimi nawaunga mkono: Kiingereza na Kijerumani wanafunzi wako wamevipata darasani, kwa kanuni na mazoezi. Kiswahili walikua nacho tu.

Msomaji_Mkongwe
Naheshimu hilo, ila mwanaisimu Jason Rothman anasema akili hushika lugha inayofanana zaidi na ile mpya, iwe ya kwanza au ya pili. Kiingereza na Kijerumani ni ukoo mmoja. Kwa kundi lako nadharia zote mbili zinatabiri kosa lilelile, kwa hiyo halitatuamulia ubishi huu. Ungepata mtu aliyekua na Kiingereza, akajifunza Kiswahili, kisha Kijerumani, hapo tungeona.

Mwalimu_wa_Kijerumani
Asanteni mno. Basi kesho naanza na sentensi zile mbili za Kiswahili ubaoni, ndipo nifungue Kijerumani.

Mpenda_Isimu
Anza na "Leo anakuja mwalimu" peke yake, tafadhali. Ile ya kitabu iache kabisa. Kwenye kishazi rejeshi, yaani kipande kama "alichosoma mwalimu" kinachoeleza nomino, Kijerumani hupeleka kitenzi mwisho, *das Buch, das der Lehrer las*, na hapo Kiswahili kitawapoteza. Halafu wakumbushe kwamba kwetu ule mpangilio ni hiari, huko ni sharti.