Ushauri wakuu: mgonjwa mmoja, ukoo mzima chumbani

Mshauri_Mgeni: Wakuu, natoa ushauri nasaha kwa jamii ya asili ambayo mimi si mwenyeji wake. Kuna kijana hapati usingizi, chakula hagusi. Kila akija yupo bibi yake, mjomba na mzee wa tiba. Nikisoma swali kwenye fomu, kijana anamtazama bibi, bibi anajibu. Msimamizi wangu anataka wote watoke, nifunge mlango. Niwatoe?

Mama Nasaha: Usithubutu kuanza na kutimua watu. Mason Durie, daktari wa akili wa Wamaori, jamii ya asili ya New Zealand, mwaka 1984 alieleza afya kama nyumba ya kuta nne: mwili, roho, akili na familia. Fomu yako imegusa ukuta mmoja, nawe unataka kubomoa mwingine! Iweke kando, waulize wao wanaonaje shida yenyewe na ilianzia wapi.

Kinyozi: Naafiki nusu. Je, kama anayemuumiza kijana yumo humo humo? Anza na wote, kisha muombe bibi ruhusa utembee kidogo na mjukuu wake. Huko nje muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, tambiko lisubiri. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, mjomba akiwa naye. Mzee wa tiba usimdharau, ila ujue anampa nini, maana mitishamba mingine hugongana na vidonge.

Jicho Kavu: Mnaongelea mila tu. Kanada watoto wa jamii za asili zaidi ya 150,000 walipitishwa shule za bweni zilizowakataza hata lugha zao, halafu watu wanashangaa wazee wakiogopa ofisi! Utafiti wa Chandler na Lalonde wa 1998, huko British Columbia, jimbo la Kanada, ulikuta vijana wanajiua kwa uchache zaidi katika jamii za asili zinazodai ardhi yao na kusimamia shule na afya zenyewe. Mkuu, umeuliza habari za ardhi?

Mshauri_Mgeni: Sijauliza. Ila mjomba kila mara anaanza na malisho waliyofungiwa, nami huwa namrudisha kwenye fomu. Kesho nitamwacha aseme. Na fomu ya bosi je?

Mama Nasaha: Utaijaza wakishaondoka. Nafasi ya maelezo ikiwa finyu, geuza karatasi, andika nyuma.