Mjadala: Inua Jamii iongezwe, au pesa ziende kwa presha na sukari za wazee?

Mwana wa Lurambi: Wanajamvi, mzee wa miaka 70 na zaidi hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi na Inua Jamii, ule mpango wa serikali ya Kenya wa pesa za msaada, na zikichelewa zinachelewa kweli. Kuna wanaotaka ziongezwe. Mimi nasema hiyo nyongeza iende zahanati: dawa za presha na sukari zisikosekane, wazee wapimwe nyumbani. Mzee akishapata kiharusi, 2,000 itamfaa nini? Halafu tuambiane ukweli, wazee wetu huku Magharibi wanajimaliza wenyewe na munyu kwenye mboga.

Nyar Ahero: Mama yangu hiyo 2,000 ndiyo nauli ya boda ya kwenda kuchukua hizo dawa. Jaza zahanati dawa, kisha uniambie atafikaje.

Mjukuu wa Butere: Ngojeni kwanza. Munyu umemkosea nini huyu? Ni majivu ya maganda ya maharagwe, unayachuja kwa maji. Si chumvi ya pakiti. Nyanya yangu alikula mrenda wa munyu mpaka akapita miaka tisini, na jembe hakuliacha.

Mwana wa Lurambi: Kila mtu humu ana nyanya wa miaka tisini. Waliokufa na sitini hawakuacha wajukuu wa kuja kuwatetea?

Mjukuu wa Butere: Sasa unacheka wafu. Ulihamia Nairobi lini hata mboga za kwenu zikageuka sumu?

Bondeni Kwetu: Huku Nakuru munyu hatuujui na presha tunayo. Wazee wa mtaani kwetu ni nyama choma na kiti. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Munyu sijui unahesabiwaje hapo.

Mjukuu wa Butere: Kama hujui, uache.

Mhudumu wa Vihiga: Mimi ni CHP, mhudumu wa afya ya jamii. Mikoba tuliyopewa 2023 ina mashine ya presha na ya sukari. Juzi nimempima mama mmoja, 190 kwa 110, na ananiambia yuko sawa, alikuwa tu anapalilia. Nikamwandikia rufaa. Zahanati wakamwambia dawa zimeisha, akanunue. Akarudi shambani. Vile vijiti vya kupimia sukari navyo vikiisha, mashine inabaki pambo. Na posho yenyewe ni 5,000, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Hiyo ya kaunti tuiache.

Mjukuu wa Butere: Pole dada. Lakini ulimuuliza anapikia chumvi gani?

Mhudumu wa Vihiga: Ya pakiti. Na munyu. Na viungo vya dukani juu yake.

Mwana wa Lurambi: Sina la kuongeza.

Mstaafu: Mnatujadili kama ng'ombe wa mnada. Nina miaka 71 na ninasoma. Katiba, ibara ya hamsini na kitu, inasema mzee aishi kwa heshima na atunzwe na familia pamoja na serikali. Serikali mmeitaja tangu juu. Familia je? Wangu hutuma pesa, sauti naisikia Krismasi.

Nyar Ahero: Ni ya 57, baba. Na hiyo familia ni mabinti na wake wa nyumbani. Hebu wanaume wa humu waseme, nani amewahi kumwogesha babake?

Bondeni Kwetu: Haya, sasa ni vita vya wanaume na wanawake.

Nyar Ahero: Hujajibu.

Bondeni Kwetu: Mimi namlipia mzee SHA, bima ya afya ya serikali, 300 kwa mwezi, na wanataka ya mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600. Huko si kulea?

Nyar Ahero: Huko ni kulipa.

Mhudumu wa Vihiga: Na kwa zahanati hata mchango haudaiwi, ni kujiandikisha tu. Mchango wanauuliza akipelekwa hospitali kubwa. Wengi nawakuta hawajaandikishwa kabisa, simu ya kujisajili anayo mjukuu na mjukuu yuko Eldoret.

Mstaafu: Mimi nilijisajili mwenyewe. Na nyama choma sili, huyo wa Nakuru aandike hivyo.

Mjukuu wa Butere: Kesho naweka picha hatua kwa hatua, munyu ukichujwa, Lurambi aone kitu anachokitukana.

Mwana wa Lurambi: Weka. Na mrenda pia, sijala mwezi mzima.