Straipa (striped bass, samaki wa mistari) kwa flai (chambo bandia cha manyoya) kwenye baridi kali, bado wapo au wameshaondoka?

chumvi_tupu
Wakuu habari zenu. Niko New Jersey, Oktoba na Novemba mambo yalikuwa matamu, straipa wanafukuza bunka (vidagaa wanaowala) mpaka miguuni kwako, sasa tumefika katikati ya Desemba na kimya kabisa. Natumia rodi namba 9, mshipi wa kuelea, flai ni aina ya Deceiver, navuta fasta kama nilivyokuwa navuta Oktoba. Hata wa kugusa hakuna. Wameshaondoka wote au mimi ndo sijui? Na vidole jamani, vinaganda, mnafanyaje?

mshipi_mrefu
Kundi kubwa linashuka kusini mkuu, wanaenda kukaa baharini huko Virginia na North Carolina, masika ndo wanarudi kuzaa ghuba ya Chesapeake na mito ya Delaware na Hudson. Ila hawaondoki wote. Connecticut mto Housatonic na Thames kuna wanaolala humohumo baridi nzima, wengi wadogo lakini wapo.

Sasa shida yako ni hiyo kuvuta fasta. Maji yakishuka chini ya digrii 50 za Fahrenheit, yaani 10 za Selsiasi, na mwili wa samaki unapoa, tumbo linasaga polepole, hana haja ya kukimbiza kitu. Anakaa chini kwenye shimo au nyuma ya mkondo anasubiri kipite mbele ya mdomo. Kwahiyo mshipi wa kuelea weka pembeni, chukua wa kuzama, lida (uzi mwembamba kati ya mshipi na flai) fupi kama futi 4 hivi, maana ikiwa ndefu mshipi unazama halafu flai inabaki juu na umepoteza muda wako. Funga Clouser, ile flai ya macho mazito, nyembamba tu, urushe juu ya mkondo, uache izame, uizamishe tena, ndo uvute kidogo kidogo na kusimama. Ukidhani unavuta polepole punguza tena. Na usitegemee kishindo, akila unasikia mshipi umekuwa mzito tu, basi.

bamvua
Naongezea saa. Watu wanazoea kuamka alfajiri, baridi hii alfajiri ya nini? Tafuta siku ya jua ambayo maji yanakupwa mchana hadi jioni. Yale matope ya kina kifupi ndani ya ghuba yanapigwa jua, maji yake yanapata joto kidogo halafu yanatoka kupitia mdomo wa mfereji, simama hapo. Digrii mbili tatu tu kwa samaki aliyepoa ni nyingi. Mimi bila kipimajoto sitoki nyumbani, nakiamini kuliko flai yoyote.

Vidole: glavu zilizokatwa ncha, na jozi kavu ya akiba mfukoni. Barafu ikiziba vipete vya rodi usiibandue kwa kucha utavunja, chovya rodi baharini, maji ya chumvi hayagandi mpaka karibu -2 Selsiasi kwahiyo yanaiyeyusha.

dada_wa_gati
Kabla hamjampeleka kijana wa watu ghubani, Januari 1 mpaka mwisho wa Februari New Jersey mito na ghuba zimefungwa kwa straipa, bahari ya wazi tu ndo inaruhusiwa na huko nako usivuke maili 3 kutoka pwani, ng'ambo ya hapo ni maji ya serikali ya shirikisho, hairuhusiwi mwaka mzima. Wa kuchukua nyumbani ni mmoja kwa siku, inchi 28 hadi 31.

Na unayemwachia usimtoe nje ya maji kwa ajili ya picha, hewa ikiwa chini ya kuganda inaunguza macho na matamvua haraka sana. Mfungue ndoana akiwa majini. Mkanda wa weda (suruali ya mpira ya kuingilia majini) ukaze, usiingie peke yako, maji hayo ukianguka pumzi inakata kabla hujaanza hata kuogelea.

chumvi_tupu
Asanteni sana. Mshipi wa kuzama ninao ila ni wa maji ya joto, wa kusini, utafaa?

mshipi_mrefu
Hapana, kwenye baridi huo unakuwa waya, unajikunja mizunguko na haurushiki. Tafuta uliotengenezwa kwa maji baridi, ganda lake ni laini. Ghuba hujachelewa, Desemba bado haijaisha.