Mwantumu, Chausiku au Mwanahamisi: binti yangu arithi lipi?

MamaKijacho: Assalam aleikum wapendwa. Nina mimba ya miezi saba, binti inshallah. Mimi na mume wangu tunataka jina la kibibi, na yamebaki matatu. Mwantumu ni bibi yangu mzaa mama, wa Tanga. Chausiku ni bibi wa mume wangu, alizaliwa usiku wa manane. Mwanahamisi ni shangazi aliyenilea. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi watu watakavyolikatisha. Jina refu litakaa kwenye cheti, lakini mtaani ataitwa kile kipande kitakachobaki. Mnasemaje?

BintiMvita: Mwanahamisi ni mimi mwenyewe, dada. Huku Mombasa twatamka Mwanamisi, na nyumbani mie ni Misi. Nalipenda mno. Lakini cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Mwana, nafasi, Hamisi. Shuleni nikawa Mwanahamisi, neno moja. Nilipoenda kutafuta kitambulisho nikaambiwa hao ni watu wawili! Ikabidi niape kwa wakili kwamba wote ni mimi, na ada nikalipa. Ukilichagua, usiondoke dirishani kabla hujalisoma herufi kwa herufi.

MzeeWaKusini: Mwanangu, majina haya yalikuwa kalenda. Mwajuma wa Ijumaa, Mwanaidi wa sikukuu, Saumu wa mwezi wa kufunga. Kwetu Makunduchi aliyezaliwa siku za Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, huitwa Mwaka. Mama yangu mkubwa alipewa Mwantumu kwa kuwa alizaliwa Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume. Ngoja mtoto aje kwanza. Utampaje Mwanahamisi mtoto wa Jumatatu?

TatuWaKwanza: Shikamoo mzee wangu. Hapo naomba nikupinge kwa adabu. Anayerithi jina harithi siku. Mimi naitwa Tatu na ni kifungua mimba. Nimemrithi bibi mzaa baba, aliyekuwa binti wa tatu kwao. Baba hajawahi kuniita Tatu. Hata nilipovunja mtungi wa maji, fimbo mkononi, alisema "Mama, njoo hapa," kisha akaiweka chini. Angemchapaje mama yake? Kwa hiyo dada, usihesabu vipande vya jina peke yake. Wengine watamwita Mama, Bibi, Shangazi, kutegemea amemrithi nani.

Kisutu78: Mbona Chausiku hana mtetezi? Chau, Chiku, yote matamu. Inaniuma watu wanavyoyaona majina haya ya kishamba, na Mwajuma wakaligeuza la kuchekea kwenye vichekesho. Tena jina la kuitwa linaweza kulifunika la kuzaliwa kabisa. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, alilipata ukubwani, na ndilo alilokwenda nalo Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Na Bi Kidude, mwimbaji mwingine wa taarabu? Ni Fatuma binti Baraka, lakini uliza Unguja nzima wanamjua kwa lipi.

FundiCherehani: Mwantumu. Ukilikata unapata Tumu au Mwantu, yote ya kike. Mwanahamisi ukilikata vibaya unabaki na Hamisi, na wenzake darasani hawatamwacha.

BintiMvita: @FundiCherehani kweli, niliitwa Hamisi mpaka darasa la nne. Nililia sana.

MamaKijacho: Ahsanteni, na mzee shikamoo. Mume wangu amesoma yote na amekubali Mwantumu. Chausiku tumemwekea mdogo wake, Mungu akijaalia. Jana nilimpigia mama nikamwambia tutamwita Tumu. Akashangaa. Kumbe bibi hakuwahi kuitwa hivyo. Dada zake walimwita Mwana, na watoto wa jirani Bi Mwana. Basi huyu naye atakuwa Mwana. Na cheti nitakisoma herufi kwa herufi, dada Misi. Neno moja.